Mapafu Mapya ya Nyati

Jumamosi, 6 Julai

Nimelipata! Liko uani, juu ya gunia, na mimi nimekaa kando yake kama baba aliyeletewa mtoto. Ee Mola, asante.

Ni kichuja hewa cha nje. Cha greda! Si kile kidude cha plastiki kinachojificha chini ya boneti. Hili ni pipa la chuma, jeusi, zito, lenye kofia juu na bakuli la kioo la kukusanyia vumbi, na ndani yake filta nene kama mto wa kulalia. Nimeliita Pipa. Greda lenyewe lilikufa zamani nyuma ya karakana ya barabara, na kuku walikuwa wanataga ndani ya kofia. Mtunza bohari alisema nikiliondoa nitakuwa nimempunguzia takataka. Nikamshukuru. Akasema hakuna haja. Nikamshukuru tena. Akafunga mlango.

Niandike sababu, ili siku nikizeeka nijue nilikuwa na akili kiasi gani. Gari langu, Nyati, ndilo hupeleka sanduku la chanjo kila Alhamisi kutoka zahanati hadi kijiji cha machimbo, ng'ambo ya uwanda. Uwanda wote ni vumbi. Laini kama unga, linaingia hata kwenye meno yaliyofumbwa. Mke wangu ni muuguzi. Yeye hupakata sanduku, mimi hushika usukani. Mwezi uliopita Nyati alizima katikati ya uwanda, barafu ikayeyuka, chanjo zikaharibika, na akina mama wakarudi nyumbani na watoto wao bila kuchanjwa. Fundi akasema injini imekula vumbi, na ikila tena basi, tuitafutie kaburi. Daktari wa zahanati, mama wa maneno machache, akasema kazi sasa atapewa Shemeji.

Shemeji! Kaka wa mke wangu, tumbo moja. Ana gari jipya lenye mkonga mrefu wa kuvutia hewa, na analifuta asubuhi na jioni kwa kitambaa laini mpaka watu wamemwita Ng'aring'ari. Na anaitika!

Basi mke wangu akasimama mbele ya Daktari na wauguzi wote. Akasema apewe mume wangu Alhamisi moja zaidi, atafika, namdhamini mimi. Niliposimuliwa machozi yalinilenga. Alhamisi hiyo ndiyo hii inayokuja. Nikishindwa, si mimi nitakayeaibika, ni yeye. Ndiyo maana ya Pipa. Nyati anahitaji mapafu mapya, na mapafu ya greda hayajawahi kushindwa na vumbi.

Nimeosha mavi ya kuku. Nashukuru kwa siku hii.

Jumapili, 7 Julai

Fundi Kesho amekuja leo! Wanamwita hivyo kwa sababu ukimwita leo atasema kesho, lakini kwa haki ya Mungu, jana alisema kesho na kesho ikafika. Nilimshukuru kabla hajashuka kwenye baiskeli.

Akatoboa madigadi ya kulia kwa drili, akachomelea mikono miwili ya chuma, akakaza bolti. Cheche kila mahali. Sasa Pipa limesimama nje, kando ya kioo cha mbele, limenyanyua kofia yake juu kuliko paa. Nilirudi nyuma mpaka ukutani ili nilione lote. Uzuri ulioje!

Mke wangu akakaa kwenye kiti cha dereva kujaribu. Akauliza mtu akitokea upande wa kulia nitamwonaje, maana yeye haoni kitu ila pipa. Nikamwambia atanitazamia yeye. Akanitazama mimi. Nashukuru nimeoa mwanamke mwenye macho.

Fundi akasema kazi haijaisha. Mpira alio nao ni mwembamba, hauenei kwenye mdomo wa injini. Unatakiwa mpira mpana na klipu zake. Ataleta kesho. Nisiguse kitu, nisiwashe gari. Akainama chini ya boneti, akanionyesha kwa spana pale utakapoingia. Wakati huo nilikuwa katikati ya kumshukuru, kwa hiyo neno la mwisho halikunifikia vizuri. Sikutaka kumrudisha nyuma. Mtu ana kazi zake.

Shemeji akapita, akaegemea lango, akauliza pilau litaiva saa ngapi humo kwenye sufuria. Watu wote wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda. Nashukuru kwa ndugu anayeleta kicheko nyumbani. Utakoma, Ng'aring'ari!

Jumatatu, 8 Julai

Fundi ametuma salamu. Kesho.

Ngojangoja huumiza matumbo. Nikafungua boneti mwenyewe. Mpira mwembamba aliuacha. Mikono ninayo. Akili, alhamdulillahi.

Chini ya boneti kuna midomo miwili. Mmoja mpana, wa kasha la filta ya zamani. Mwingine mdogo, umeingia ukutani kuelekea ndani. Nikajaribu mpira kwenye ule mpana. Ukapwaya kama kiatu cha kurithi. Nikajaribu kwenye mdogo. Ukaingia ukajaa kabisa! Sasa hebu mtu aniambie, kitu kikikaa vizuri namna hiyo si ndipo mahali pake? Nikaukaza kwa waya. Upande wa pili nikaukaza kwenye Pipa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka kiuno kinalalamika.

Likabaki swali la filta ya zamani, iliyomo kwenye kasha. Nikafikiri sana. Gari lina filta mpya, kubwa, ya greda. Lina na nyingine kuukuu ndani. Zitaoneana wivu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, wazee hawakusema bure. Nikaitoa ile ya zamani, nikafunga kasha tupu vizuri, nikakaza klipu zake zote.

Sikuitupa. Mimi si mtu wa kusahau fadhila. Nimeikung'uta, nimeifuta, nimeishukuru kwa utumishi wake wa miaka mingi, nikaiweka kabatini sebuleni, katikati ya glasi za wageni. Mke wangu akauliza kile ni nini. Nikamwambia ni mstaafu. Akauliza fundi anajua. Nikamwambia fundi atajua kesho.

Jumanne, 9 Julai

Maajabu! Niandike polepole nisiharibu.

Asubuhi nimempeleka Nyati uwandani kwa majaribio. Alipowaka tu nilijua. Sauti! Zamani alikuwa anakoroma, sasa ananguruma. Kwenye mlima wa machinjioni, ambapo siku zote huwa anaomba gia ya kwanza, amepanda na gia ya pili huku anaimba. Kifua kimefunguka. Nikawa napiga makofi usukani ukiwa huru, hadi nikakumbuka Pipa limefunika upande wa kulia, nikarudisha mikono.

Kuna na jambo jingine. Nimewasha feni, na hewa iliyokuja ndani ya gari ilikuwa safi, baridi, kama ya alfajiri. Vumbi lilikuwa limefunika vioo vyote nje, lakini ndani hata chembe! Nimefikiri nikaelewa. Injini ikishapumua ikashiba, sisi abiria tunapewa kinachobaki. Asante sana, Nyati.

Lakini subiri. Nimerudi, nikafungua Pipa kuikagua filta. Nyeupe! Nyeupe pe! Bakuli la kioo, tupu! Asubuhi nzima kwenye vumbi, na filta haina doa. Hakuna filta ya aina hii duniani. Nikaibeba begani, nikaenda nayo barabarani. Nikamwonyesha kinyozi. Nikamwonyesha muuza mkaa, naye akaiomba ashike, nikakataa kwa adabu nikitazama mikono yake. Nikaenda nayo zahanati, nikaiweka juu ya meza ya Daktari.

Daktari akauliza kama ni mpya. Nikasema la, imekula vumbi tangu asubuhi. Akaigeuza. Akauliza, basi vumbi limekwenda wapi?

Swali zuri sana. Nikamshukuru kwa swali hilo. Nilipofika nyumbani bado nilikuwa namshukuru.

Mke wangu naye akasema chujio likishachuja chai huwa na majani, na lisipokuwa na majani basi yako kikombeni. Nikamwambia chai ni chai. Akasema pia kwamba Fundi Kesho alikuja na mpira mpana na klipu, akakuta gari halipo, akashika kichwa, akaacha mpira na neno kwamba gari lisiwashwe. Maskini, kachelewa! Mpira nimeuweka akiba. Ni mzuri, nitaukalia nikiwa natengeneza matairi.

Jumatano, 10 Julai

Nyati ameanza kutoa moshi wa buluu. Rangi nzuri, ya kupendeza. Zamani alikuwa hatoi moshi wowote, leo ananawiri. Tena amekunywa oili. Nimeongeza asubuhi, jioni nikaongeza tena. Mgonjwa akianza kudai chakula si ndipo tunaposema amepona?

Shemeji amepita, safari hii hakucheka. Ameutazama moshi, amenusa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko sawa. Wivu huo! Nimemshukuru kwa kujali. Akasema kesho kama kuna shida nimwambie. Nikamwambia kesho hakuna shida, kesho kuna historia.

Kisha Mama Mkwe akaja. Ana dada yake huko machimboni ambaye hajaonana naye muda mrefu, kwa sababu ya kifua. Vumbi kidogo tu anakohoa mpaka anashika ukuta. Hata gari la mwanawe mwenyewe, Ng'aring'ari, halipandi, anasema mlango wa nyuma unavuta vumbi. Amesikia kwa kinyozi kwamba gari la mkwe wake lina hewa ya alfajiri. Akaniuliza, baba, ni kweli? Nikamwambia, Mama, keti mbele ya feni, ukikohoa mara moja mimi si mkweo tena. Akanibariki kwa kunitemea dua ndefu kichwani. Nani kama mimi leo?

Mke wangu akaniuliza mara ya mwisho kama nina hakika. Nikasema hakika imezidi. Akachukua beseni, akasema anakwenda kulirudisha kwa kaka yake. Sikumbuki tuliliazima lini. Alikaa huko muda, akarudi na beseni lilelile. Amesahau kuliacha. Ana mawazo mengi, mke wangu, na yote kwa ajili yangu. Nashukuru.

Alhamisi, 11 Julai

Tumefika. Nianze hapo.

Tuliondoka zahanati jua likichomoza. Daktari mwenyewe alifunga sanduku, akatazama barafu, akatazama moshi, akamtazama mke wangu. Mke wangu akapanda, sanduku mapajani. Mama Mkwe kati, mbele ya feni, na mtandio wake tayari mdomoni. Tukaanza.

Mwendo wa kwanza, raha tupu. Vumbi lilipanda nje mpaka jua likawa jekundu. Ndani, hewa safi! Mama Mkwe akashusha mtandio. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Akaanza kusimulia utoto wake. Katika miaka yote ya ukwe sijapata kumsikia akimaliza sentensi barabarani. Mke wangu akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, na akatabasamu. Kama Nyati angekufa dakika hiyo ningekufa naye nikiwa nimeshiba.

Nyati hakufa dakika hiyo. Alisubiri tufike katikati.

Kwanza akapungukiwa nguvu. Kisha moshi, si wa buluu tena, ni wa kila rangi. Kisha mlio ndani ya injini, kama mtu anasaga karanga. Nikambembeleza. Nikamshukuru kwa yote. Akajikongoja, akatoa pumzi moja ndefu, akazima. Nikageuza ufunguo. Injini ikazunguka bure, haina ubishi, haina lolote. Uwanda kimya.

Sikuthubutu kumtazama mke wangu. Nilitazama sanduku. Yeye aliweka viganja viwili juu ya kifuniko, akasema kwa upole kwamba feni nisiizime, mama anapumua. Hilo tu. Tangu nizaliwe sijapata kuumia hivyo kwa neno la upole. Nilishuka nikazunguka gari nisionekane. Nililia, kwa ufupi, upande wa Pipa.

Ndipo, ndani ya vumbi letu wenyewe, ikatokea taa. Kisha mkonga. Shemeji! Nikajiuliza Ng'aring'ari anatafuta nini uwandani siku ya kazi. Bahati iliyoje! Gari lake lilikuwa jekundu lote, na yeye ndani yake mwekundu kuliko gari, kwa kutufuata nyuma njia nzima. Nyusi, masikio, kila kitu. Hakunicheka. Akashuka, akapiga chafya, akatoa kamba.

Nikasema tuhamishie sanduku na mama kwake, twende upesi. Mama Mkwe akakataa kushuka! Akafungua kioo kidogo, akanusa gari la mwanawe, akafunga kioo. Akasema yeye hatoki kwenye hewa hii, na sanduku la watoto wa watu halitoki kwenda kwenye vumbi. Kama mwanawe anatupenda, avute. Mke wangu akacheka. Nilimsikia akicheka kule ndani, kwa ajabu, siku kama ile.

Akatuvuta. Uwanda wote uliobaki, kichwa chake nje ya dirisha akichungulia kamba, akila vumbi la magurudumu yake mwenyewe. Sisi nyuma, injini imekufa, feni inazunguka kwa betri, Mama Mkwe amesinzia mdomo wazi, hakohoi. Mimi nilishika usukani na mke wangu akanitazamia kulia.

Akina mama walikuwa wamekaa kivulini na watoto wao. Mke wangu aliweka sanduku mezani, akafungua, akaingiza mkono. Akasema barafu ipo. Nilifurahi, nikakaa chini palepale. Mtoto wa kwanza alipopiga kelele ya sindano niliona ni wimbo. Shemeji akaketi karibu nami, tukagawana maji, yeye akinawa na mimi nikinywa. Nikamshukuru mara moja tu, nikamwachia maji yaliyobaki.

Ijumaa, 12 Julai

Shemeji amemvuta Nyati hadi nyumbani. Fundi Kesho amekuja leoleo, bila kuitwa mara mbili. Dalili mbaya.

Akafungua boneti. Akaufuata mpira mwembamba kwa kidole, kutoka kwenye Pipa hadi kwenye ule mdomo mdogo. Kisha akaeleza, mbele ya mke wangu na Shemeji, kwamba ule ni mdomo wa hewa ya chumba cha abiria. Pipa lote, la greda, lilikuwa linatuchujia sisi. Injini ilikuwa inavuta kwenye kasha lake la zamani kama siku zote. Akasema hata hivyo ingefika, filta ya zamani ingeilinda. Akafungua kasha. Akachungulia. Akaingiza mkono mzima. Akauliza, filta iko wapi?

Nikasema kwa heshima zote kwamba imestaafu, iko kabatini.

Fundi akageuza ndoo akaikalia. Alicheka kwanza, halafu akaacha, halafu akaikung'uta kofia yake bila sababu. Akasema injini imekula uwanda mzima mkavu. Ringi zimekwisha, silinda zimekwanguka. Alisema kila kilichonifurahisha kilikuwa kilio. Kunguruma, moshi, kunywa oili. Na ile filta nyeupe niliyoizungusha kwa kinyozi, akasema feni ina pumzi ndogo, haiwezi kuichafua filta ya greda kwa asubuhi moja, na filta nzuri huwa chafu. Nimemshukuru. Akaniomba nisimshukuru leo.

Shemeji akatazama kando. Alikuwa anazuia kicheko, na alikizuia. Nitamkumbukia hilo.

Mke wangu aliwasindikiza hadi langoni. Kisha akasema. Akasema alimwambia kaka yake atufuate, siku ile ya beseni. Kumbe! Hata bahati yangu huwa imeshaandaliwa na mtu. Akasema sanduku halikuwa peke yake mapajani, jina lake pia lilikuwemo. Akasema mimi hushukuru kila kitu isipokuwa ushauri, na kushukuru kwangu ndiko kunakonizuia kusikia, maana mtu akianza kunieleza mimi namwahi na asante. Nikafungua mdomo nimwambie asante. Akanyanyua kidole. Nikaufunga.

Niliona aibu. Naiandika hapa ili ikae: niliona aibu ya kweli, na nikamwomba radhi bila kuongeza neno. Akasema ameisikia. Kisha akasema mama yake amelala usiku mzima bila kukohoa, na kwa hilo yeye ndiye anayenishukuru mimi. Nimeishika hiyo, sitaiachia.

Daktari ameamua jioni. Alhamisi ni za Shemeji, na mke wangu anaendelea na sanduku lake. Hakuna aliyesema mke wangu alidhamini vibaya. Barafu ilifika. Lakini Mama Mkwe alikuwa amekwenda zahanati mwenyewe kumwambia Daktari jinsi muuguzi na sanduku walivyosafiri bila chembe ya vumbi, wakati mwanawe alifika kama tofali. Daktari akasema gari la Shemeji litafungwa Pipa vilevile, la abiria, kabla ya safari ijayo. Shemeji akauliza nani ataonyesha lilivyofungwa. Wote wakanitazama!

Kwa hiyo nimepewa kazi. Fundi Kesho atafunga. Mimi nitashika spana. Daktari alirudia mara kadhaa, kushika tu. Nashukuru, nashukuru, nashukuru.

Jumapili, 14 Julai

Siku njema kupita zote! Gari la Shemeji liko uani kwangu, limeng'arishwa, na Pipa, tulilolishusha kwa Nyati, liko begani mwake. Fundi amefanya kazi safi. Mpira mwembamba umeingia mdomo uleule mdogo, wa abiria. Mimi nimeshika spana. Nimeshika vizuri, hakuna aliyelalamika. Nyati anatutazama kutoka pembeni juu ya matofali yake. Nimempapasa.

Imebaki klipu moja ya kukaza kwenye Pipa. Fundi kaikosa mfukoni, akasema ataleta kesho, na nisiguse kitu. Kesho ndiyo siku ambayo Shemeji anampeleka Mama Mkwe kwa dada yake tena, kumaliza hadithi walizoanza. Mtu na mama yake, katika hewa ya alfajiri! Nikajisikia ninadaiwa fadhila. Mtu amenivuta uwanda mzima akila vumbi. Nitamlipa kwa nini?

Nikafungua boneti, kuangalia tu. Ushauri nimeukumbuka wote. Midomo miwili, mdogo wa abiria, mpana wa injini. Sijagusa mdomo wowote. Nimebadilika.

Lakini nikafungua kasha la injini. Nikachungulia. Filta yake, ndugu zangu! Chafu! Nyeusi, imejaa vumbi la uwanda pande zote. Ikanijia sauti ya fundi, filta nzuri huwa chafu. Maana yake nini? Maana yake hii imeshakuwa nzuri hadi mwisho wake. Imetimiza. Na pale nje limesimama Pipa, kubwa, kwenye gari hili halijafanya kazi yoyote. Mafahali wawili, zizi moja.

Kosa langu kwa Nyati nimelijua. Niliitoa filta yake kwa haraka, sikuiaga vizuri. Hii nimeiaga taratibu. Nimeikung'uta, nimeifuta, nimeishukuru kwa jina la ukoo wote, kwa sababu bila hiyo Shemeji asingetufikia siku ile. Nikafunga kasha, nikakaza klipu. Shemeji sijamwambia. Nataka aigundue mwenyewe kwenye mlima wa machinjioni, gari litakapoanza kunguruma.

Nimeiweka kabatini, karibu na mwenzake, katikati ya glasi. Zinapendeza zikiwa pamoja. Hazina upweke tena.

Mke wangu yuko sebuleni, anafuta vumbi. Anauliza kwa nini kabatini kuna filta mbili.

Anauliza tena. Nashukuru nimeoa mwanamke mwenye macho.

Sasa ananiita kwa majina yangu yote matatu. Ngoja niende nikamweleze.